URITHI WA MUHOGO: Yale Yapitayo kwa Damu na Yale Yapitayo kwa Ugonjwa



Katika mazao yote ya shamba ni machache yaliyo mepesi kupandwa kama muhogo. Mkulima hukata mti, huugawa vipande, huvifukia, na mvua ikinyesha huchipua. Kwa sababu ya wepesi huo watu wengi hawaulizi vipande vile vimetoka katika shina gani, wala shina lile lilipata wapi tabia zake. Jirani ametoa mzigo wa miti. Hushukuriwa, na mzigo hupandwa wote kabla jua halijachwa.

Lakini kipande cha muhogo si kijiti kitupu. Ndani yake umo urithi wa wazazi wake, na pengine umo ugonjwa pia. Vitu hivi viwili husafiri pamoja katika kijiti kimoja, ila si kitu kimoja. Urithi ni wa mmea wenyewe, na hauondoki. Ugonjwa ni mgeni aliyeingia kutoka nje. Mkulima asiyeweza kuvitenga katika akili yake huenda akatupa shina jema na kulipanda baya, na kosa lake halionekani mpaka miezi kumi au kumi na miwili baadaye, siku ya kuchimba, wakati watoto wanangoja chakula.

Karatasi hii yaeleza jinsi sifa zinavyopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwa mfano tumeuchukua muhogo, kwa maana habari zake nyingi zilianzia hapa hapa kwetu, katika milima ya Usambara.

1. NJIA MBILI ZA KUZALIWA

Muhogo huzaliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kipande cha mti, nayo twaijua sote. Kipande hicho, kwa kweli, si mtoto. Ni mmea ule ule, unaendelea na maisha yake mahali pengine. Mtu akilikata shina moja vipande kumi na kuvipanda, hapati watoto kumi, bali apata shina lile lile mara kumi. Likiwa lilikuwa na asili ya utamu, yote kumi yana asili ya utamu. Likiwa lilikuwa jepesi kushikwa na ugonjwa, yote kumi ni mepesi kushikwa. Ndiyo sababu aina moja ya muhogo yaweza kutoka kwa bibi hata kwa kitukuu, na isibadilike jina wala ladha.

Njia ya pili ni ya mbegu ya ua. Wengi wenu mmeona vitunda vidogo vya mviringo, vyenye kingo sita, vikining'inia katika ncha za matawi. Kila kimoja hubeba mbegu tatu. Maua ya kike na ya kiume hukaa mbalimbali katika kichala kimoja, na ya kike hufunguka kwanza. Hata juma moja au mawili yakipita, ndipo ya kiume yafungukapo. Kwa hiyo ua la kike mara nyingi hupata unga wa ua la shina jingine, unaoletwa na nyuki na wadudu wenzao. Mbegu ya namna hiyo ina mama na baba, na mche utokao humo ni mmea mpya, ambao haujapata kuwapo duniani. Hata mbegu tatu za kitunda kimoja ni kama ndugu watatu wa tumbo moja: huyu mrefu, huyu mfupi, na yule hafanani na yeyote nyumbani.

Basi tukitaka kuifuata aina ile ile, twapanda kipande. Tukitaka kupata kitu kipya, hapana budi tupite katika mbegu. Lakini apitaye katika mbegu yampasa ajue kanuni za urithi, au atakuwa kama mtu atafutaye sindano gizani.

2. MTAWA NA NJEGERE ZAKE

Kanuni hizo zilifumbuliwa na mtawa mmoja aitwaye Gregor Mendel, katika bustani ya nyumba ya watawa mjini Brno, mji ulio leo katika nchi ya Ucheki. Tangu mwaka wa 1856 hata 1863 alipanda njegere maelfu na kuzihesabu. Alichukua njegere za aina ya mviringo, akazipandisha na njegere za aina iliyokunjamana, kwa kuhamisha unga wa ua kwa mkono. Watoto wote wakatoka mviringo. Mtu mwingine angalisema, "Mkunjamano umekufa." Mendel hakusema hivyo. Aliwaacha watoto wale wajizalie wenyewe, akahesabu wajukuu: 5,474 walikuwa mviringo, na 1,850 walikunjamana. Yaani, katika kila wajukuu wanne, watatu kwa mmoja. Ule mkunjamano haukufa. Ulikuwa umejificha kizazi kizima.

Maelezo yake ni haya. Kwa kila sifa mmea una mafungu mawili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mmea ukizaa, humpa kila mtoto fungu moja tu kati ya mawili yake, na fungu lipi litatoka ni kama kura. Tena mafungu mengine hutawala na mengine hujificha. Njegere yenye fungu moja la mviringo na moja la mkunjamano huonekana mviringo, kwa sababu mviringo hutawala; lakini fungu lile jingine limo ndani, lamngoja mwenziwe.

Mkulima aweza kujionea jambo hili barazani pake. Twaa mifuko miwili. Katika kila mfuko tia maharage kumi mekundu na kumi meupe. Bila kutazama, toa harage moja katika mfuko huu na moja katika ule, andika rangi zake, kisha yarudishe. Fanya hivyo mara mia. Utaona kwamba karibu mara ishirini na tano umepata mekundu mawili, karibu mara hamsini umepata moja jekundu na moja jeupe, na karibu mara ishirini na tano umepata meupe mawili. Ikiwa jekundu ndilo litawalalo, basi macho yako yataona wekundu sabini na watano na weupe ishirini na watano. Hizo ndizo hesabu za Mendel.

Alizichapisha mwaka wa 1866, wala wataalamu wa siku zile hawakuzijali. Alifariki mwaka wa 1884, na kazi yake ikaja kutambuliwa mwaka wa 1900.

Neno la kushika hapa ni moja: umbo la nje halionyeshi yote yaliyomo ndani. Wahenga walisema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Ni kweli, lakini pengine kisogo anachokitazama ni cha bibi, naye mama hakukionyesha.

3. UKILI ULIOMO NDANI YA MMEA

Mendel hakujua mafungu hayo yamekaa wapi. Leo twajua. Kila mmea umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ziitwazo seli, na ndani ya kila seli mna kiini. Katika kiini mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Muhogo una kromosomu 36: 18 alizotoa mama na 18 alizotoa baba. Katika nyuzi hizo imo dutu iitwayo DNA, nayo ndiyo kitabu cha urithi.

Umbo la DNA lilitangazwa mwaka wa 1953 na James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha zilizopigwa kwa miali ya eksirei katika maabara ya Rosalind Franklin mjini London. Ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba ya usumba. Katika nyuzi hizo zimepangwa herufi nne tu, A, T, G na C, lakini kwa muhogo mpango huo una urefu wa herufi zaidi ya milioni 700.

Asiyesadiki kwamba herufi nne zatosha, na amtazame mwanamke asukaye ukili. Ana miyaa ya rangi tatu au nne tu. Akiipanga hivi, atapata mkeka wa mistari. Akiipanga vile, atapata mkeka wa madoa. Rangi ni zile zile, na tofauti imo katika mpango. Vivyo hivyo herufi za DNA: mpango huu huamuru wanga utengenezwe, na mpango ule huamuru rangi ya kikonyo cha jani. Sehemu ya ukili yenye amri moja huitwa jeni, na jeni ndiyo lile fungu la Mendel.

Tena A hukaa sikuzote mbele ya T, na G mbele ya C. Seli ikitaka kugawanyika, nyuzi mbili huachana, na kila mmoja humjenga mwenzake upya, herufi kwa herufi. Kwa njia hii kila seli mpya hupata nakala ya kitabu kizima. Ndiyo sababu kipande cha muhogo cha urefu wa shibiri moja chaweza kutoa mti mzima, na mizizi, na majani, na maua. Kitabu chote kimo ndani yake.

Pengine mwandishi hukosea, na mpango ukabadilika. Mwaka wa 1990 wataalamu walipata sababu ya njegere za Mendel kukunjamana: kipande cha DNA cha herufi zipatazo 800 kilikuwa kimejichomeka katikati ya jeni moja inayosaidia kutengeneza wanga. Wanga ukapungua, sukari na maji vikazidi, na mbegu ilipokauka ikanywea.

4. KAZI ILIYOFANYWA AMANI

Sasa turudi katika muhogo. Mwaka wa 1894 Mjerumani mmoja, Warburg, aliandika habari za ugonjwa wa mihogo alioukuta katika nchi hii. Majani yalikuwa na mabaka ya njano, yamejikunja na kupungua ukubwa. Ndio ugonjwa tuuitao leo batobato. Shina lililoshikwa tangu uchanga huzaa mizizi kama vidole.

Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walijenga kituo cha uchunguzi wa kilimo mwaka wa 1902, na baada ya Vita Kuu ya kwanza kituo kikawa chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1930 Bwana H. H. Storey na Bwana R. F. W. Nichols waliushika ugonjwa huu kwa kazi kubwa. Walieleza kwamba batobato huletwa na virusi, tena huchukuliwa na nzi weupe, wadudu wadogo wakaao upande wa chini wa majani. Na mkulima naye huuchukua, bila kujua, kila apandapo kipande cha shina gonjwa.

Kisha wakatafuta aina iwezayo kushindana na ugonjwa. Katika mihogo ya kawaida waliyokuwa nayo hawakupata nguvu ya kutosha. Lakini muhogo una ndugu zake. Mmoja wao ni mpira wa Ceara, mti wa asili ya Brazil, uliopandwa sana katika mashamba ya mpira ya nchi hii zama za Wajerumani. Mti huu wakinza batobato vizuri mno, lakini hauna mizizi ya kuliwa. Wazo lao lilikuwa kuupandisha muhogo na mpira, ili mtoto apate nguvu ya baba na mizizi ya mama.

Mtoto wa kwanza alikuwa nusu muhogo na nusu mpira. Nguvu alikuwa nayo, lakini mizizi haikufaa. Basi wakampandisha tena na muhogo, akazaliwa mjukuu mwenye robo ya mpira. Wakarudia tena, ikabaki thumuni. Na mara ya tatu, ikabaki sehemu moja katika kumi na sita. Kila mara urithi wa mpira ulipungua kwa nusu, na mizizi ikarudi kuwa ya muhogo. Lakini, ndugu wasomaji, kama urithi wote ulipungua kwa nusu, je, nguvu ya kukinza ugonjwa haikupungua pia?

Ingalipungua, kama wangaliwaacha watoto wazaliwe ovyo na kuwapokea wote. Hapa ndipo ilipo siri ya kazi yote. Katika kila kizazi waliotesha miche mingi, wakaiacha ipate kushambuliwa na ugonjwa, kisha wakaitupa iliyougua na kuibakiza iliyosimama. Kura ya urithi ilipigwa mara nyingi, nao walichagua tu wale walioangukiwa na mafungu waliyoyataka. Baadaye, katika miaka ya 1950, Bwana D. L. Jennings aliendelea na kazi hiyo kwa kuwapandisha wajukuu hao wao kwa wao, ili mafungu yaliyotawanyika katika mashina mbalimbali yakusanyike katika shina moja.

Mwaka wa 2016 wataalamu waliosoma DNA ya mihogo ya Afrika walikuta vipande vya urithi wa mpira vingali vimo katika kromosomu ya 1 na ya 4. Miaka themanini ilikuwa imepita, na alama ya kazi ya Amani haikufutika.

5. SAFARI YA KWENDA NA KURUDI

Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na huko likachaguliwa shina lililopewa namba 58308. Tangu mwaka wa 1971 Bwana S. K. Hahn, mtaalamu kutoka Korea, alilitumia shina hilo katika kituo cha kimataifa cha kilimo kilichopo Ibadan, akalipandisha na mihogo ya Afrika ya Magharibi yenye mazao mema. Katika uzao huo ilitokea aina iitwayo TMS 30572.

Ikawa mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyopata kuonekana ilizuka Uganda, upande wa Luwero, kisha ikasogea mwaka hata mwaka. Mashamba ya aina za kienyeji yalipukutika, na katika wilaya zilizotegemea muhogo watu walipatwa na njaa. Katika miaka ya 1990 ugonjwa ulivuka mpaka ukaingia Kenya ya Magharibi, na mwisho wa miaka hiyo ukafika Kagera.

Miongoni mwa aina zilizowasaidia wakulima wa Uganda kurudi shambani ni hiyo TMS 30572, ambayo huko iliitwa Migyera. Basi urithi uliotoka katika kilima cha Usambara ulikwenda hata Ibadan, ukarudi Afrika ya Mashariki siku ile ulipohitajiwa.

Wala si aina zote za Amani zilizokwenda mbali. Aina moja ya uzao wa tatu wa mpira, yenye namba 46106/27, ilibaki mikononi mwa wakulima. Pwani ya Kenya waliiita Kaleso. Kusini mwa Tanzania waliiita Namikonga. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni muhogo mmoja. Kazi ya Amani ilikwisha katika miaka ya 1950, lakini wakulima hawakuacha kupanda, wakazihifadhi sifa zake kwa kukata kipande na kupanda kipande.

6. ADUI NAYE ANA URITHI

Kwa nini ugonjwa wa Uganda ulikuwa mkali kuliko ule wa zamani? Mwaka wa 1997 jibu lilipatikana. Virusi vya batobato navyo vina DNA yake, mfupi sana, wa vipande viwili vyenye herufi kama 2,700 au 2,800 kila kimoja. Viko vya namna mbalimbali. Namna mbili zilikutana katika mmea mmoja, zikabadilishana sehemu za ukili wao, akazaliwa kirusi mwenye sehemu ya huyu na sehemu ya yule. Chotara huyo, tena akisaidiana na mmoja wa wazazi wake ndani ya shina moja, huleta ugonjwa mkali kuliko wa kila mmoja peke yake.

Fikirini, ndugu zangu, maana ya jambo hili. Shina gonjwa likiachwa shambani si hasara ya mwenye shamba tu. Ni nyumba ambamo maadui wawili waweza kukutana na kuzaa wa tatu. Mkulima ang'oaye shina gonjwa mapema humlinda na jirani yake.

7. SIFA MOJA HAILETI NYINGINE

Mendel aliona pia kwamba sifa mbalimbali huweza kurithiwa kila moja kwa njia yake. Njegere ya mviringo yaweza kuwa ya njano au ya kijani kibichi. Jambo hili limewagharimu wakulima wengi.

Uko ugonjwa wa pili wa muhogo, uitwao michirizi ya kahawia, ambao Bwana Storey alieleza habari zake mwaka wa 1936. Huu ni wa hila. Majani yaweza kuonekana karibu mazima, lakini ndani ya mzizi mna madoa ya kahawia, makavu na magumu, hata mzizi haufai kuliwa wala kuuzwa. Kwa miaka mingi ulijulikana hasa katika nchi za chini karibu na pwani. Mwaka wa 2004 ulionekana Uganda, na mihogo iliyochaguliwa kwa sababu ya kushinda batobato ikaanguka mbele yake. Mfano ni aina iitwayo TME 204: kwa batobato ni imara, kwa michirizi ya kahawia ni dhaifu sana. Haikuwa imedanganya mtu. Mafungu ya kukinza ugonjwa mmoja si mafungu ya kukinza mwingine, na anayenunua ngao yampasa aulize ni ngao ya mshale gani.

Tena hata kwa ugonjwa mmoja nguvu hazirithiwi kwa namna moja. Nguvu iliyotoka katika mpira wa Ceara ni ya mafungu mengi madogo yanayosaidiana. Lakini katika mihogo ya zamani ya wakulima wa Afrika ya Magharibi ilipatikana nguvu nyingine, na mwaka wa 2002 ilielezwa kwamba hukaa katika jeni moja inayotawala. Jeni moja ni rahisi kumpitishia mtoto, maana ni kura moja tu. Lakini nyumba ya nguzo moja, nguzo ikiliwa na mchwa, huanguka yote. Kwa hiyo wazalishaji wa mbegu hujitahidi kuzikusanya nguvu za namna mbalimbali, na mkulima naye afanye vivyo hivyo kwa kupanda aina mbili au tatu, wala asiitegemee moja.

8. URITHI NA UDONGO

Mtu asidhani kwamba urithi ndio kila kitu. Uchungu wa muhogo ni wa kurithi, lakini muhogo ule ule ukipata ukame huzidisha sumu yake. Mizizi iliyokuwa na uchungu kidogo mwaka wa mvua yaweza kuwa ya hatari mwaka wa jua. Vivyo hivyo shina jema katika ardhi iliyochoka huzaa haba. Urithi huweka mpaka wa kile kiwezekanacho. Udongo, mvua na jembe huamua ni kiasi gani kitapatikana. Kwa sababu hiyo mkulima akilinganisha mashina, na alinganishe yale yaliyopandwa siku moja katika udongo mmoja. Shina lililo kando ya jalala si shujaa kwa kuwa limenenepa.

9. MAMBO YA KUTENDA

Kwa hayo yote, mkulima na ashike mambo haya.

La kwanza: chagua mama kabla ya siku ya kuvuna. Pita shambani muhogo ukiwa bado na majani mengi, na mashina mazima uyafunge kitambaa au ukili. Majani yakisha kupukutika huwezi tena kumjua mgonjwa. Siku ya kuchimba, pasua mizizi ya mashina uliyoyafunga. Yale yenye madoa ya kahawia ndani yafungue kitambaa, na vipande vyake visipandwe.

La pili: tofautisha mzima aliyejaribiwa na mzima asiyejaribiwa. Shina zima katika shamba lisilo na ugonjwa huenda halijafikiwa tu na nzi. Shina lililobaki zima katikati ya wenzake waliougua huenda lina urithi wa kukinza. Hilo lipande peke yake, vipande vyake vikiwa pamoja, ulitazame misimu miwili au mitatu. Likisimama mara zote, umepata mali.

La tatu: usipande vipande kwa sababu tu viko karibu. Mashina mema huchimbwa na kuliwa kwanza, na mabaya huachwa yasimame. Msimu ukifika, miti iliyo tayari kukatwa ni ile ya mashina mabaya. Hivyo shamba hudhoofika mwaka hata mwaka bila mwenyewe kujua. Mti wa shina jema ukatwe siku ile ile ya kuchimba, usimamishwe kivulini.

La nne: ng'oa mashina yenye batobato katika miezi ya kwanza, kabla nzi weupe hawajaeneza ugonjwa.

La tano: usikidharau kila chipukizi kilichoota chenyewe kwa mbegu, wala usikiamini. Ni mmea mpya, na nyingi za aina tunazozipenda leo zilianza hivyo. Kipe nafasi yake, kiangalie. Lakini mizizi yake usiionje mbichi, wala usiwape watoto. Hujui alirithi uchungu wa nani. Menya, loweka, anika na kupika kama ufanyavyo kwa muhogo mchungu.

La sita: ukipewa miti ya aina mpya, uliza maneno matatu: ilitoka wapi, yakinza ugonjwa upi, na upi haiukinzi. Ipande kidogo kwanza kando ya aina yako ya zamani, wala usiitupe ile ya zamani. Huenda ndani yake limo fungu ambalo wajukuu zako watalihitaji, kama fungu la mpira wa Ceara lilivyohitajiwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipopandwa.

Mwenye swali, au aliyeona shina lililosimama zima katikati ya ugonjwa, na ampelekee habari Bwana Shamba au Bibi Shamba wa mahali pake. Asilikate shina hilo wala kuligawa kabla halijatazamwa.